Jumatatu Mtandao Ulipokatika

Faili la mauaji ya Mzee Anatoli lilikuwa na kurasa thelathini na moja, na katika hizo zote habari ya intaneti ilikuwa mistari minne. Mkaguzi Winfrida aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani, akaisoma tena, na damu ikazidi kumchemka. Wiki nzima alikuwa Kalinzi akifuatilia kahawa iliyoibwa ghalani. Amerudi Ijumaa asubuhi, anakuta wenzake wamekwisha kumkamata mtu, wamekwisha kumhoji, wamekwisha kumwita muuaji, na saa nane mchana wanampeleka mahakamani. Shtaka la mauaji halina dhamana. Akishaingia mahabusu ya gereza atakaa humo mwaka, pengine miaka miwili, akisubiri upelelezi ukamilike, na wanaotakiwa kuukamilisha ni hawa hawa walioandika mistari minne.

Mistari yenyewe ilisema hivi. Mtuhumiwa Gahungu, mkalimani, mpangaji Buzebazeba, anadai kuwa Jumatatu, kuanzia saa nne kasoro dakika mbili hadi saa tano na dakika kumi na mbili, alikuwa chumbani kwake akifanya kazi kwa njia ya intaneti. Fundi amethibitisha kwa barua kuwa mtandao wa Kigoma ulikatika siku hiyo saa tatu na dakika arobaini, ukarudi saa saba na robo. Kwa hiyo mtuhumiwa anasema uongo. Imefungwa.

Imefungwa! Mzee wa watu kapigwa mchi wa kinu kichwani uani kwake Ujiji, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua linawaka, na mtu anaandika "imefungwa". Kitu kingine kilichokuwamo dhidi ya Gahungu ni kwamba Jumapili, siku moja kabla ya mauaji, waligombana na marehemu mbele ya watu, wakigombea mpaka wa shamba kule Kidahwe. Ugomvi na uongo, basi. Kwa kipimo hicho nusu ya Kigoma ingekuwa ndani.

Mrakibu Samson, mkuu wa upelelezi, alikuwa anakunywa chai. Winfrida alipiga saluti, akaweka faili mezani, akauliza nani alikwenda Buzebazeba kuiangalia hiyo intaneti kwa macho yake. Samson akajibu kuwa vijana walimuuliza mwenye nyumba siku ya kumkamata, naye akasema wake pia ulikatika; waangalie nini zaidi wakati barua ya fundi ipo? Greda lilikuwa linachonga barabara Kidahwe, likaufumua waya wa mkongo, mji mzima ukakosa mtandao. Yeye mwenyewe, hapo hapo alipokaa, alishindwa kutuma ripoti mkoani. Sasa huyo Mrundi alitumia intaneti ipi, ya malaika?

Winfrida akamwambia kwamba Gahungu amezaliwa Tanzania, na cheti chake cha uraia kiko ukurasa wa nane. Samson akajibu kuwa cheti ni karatasi, halafu akatoa karatasi yake mwenyewe kwenye droo. Ilikuwa barua pepe iliyoingia jana kutoka kwenye shirika la Ulaya linalomwajiri Gahungu kutafsiri Kirundi, waomba hifadhi wanapohojiwa na mawakili. Shirika lilikiri kwamba mahojiano ya Jumatatu yalifanyika, kwa saa zile zile, kwa akaunti ya Gahungu. Sauti hawahifadhi, kamera huwa inazimwa kwa usalama wa anayehojiwa. Ila mtambo wao ulionyesha kuwa mkalimani aliunganishwa kutoka Burundi.

"Ana kaka yake Bujumbura," Samson alisema. "Kaka amefanya kazi kwa akaunti yake, yeye kaenda Ujiji kuua. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka mpaka saa nane, afande."

"Saa nane gari linaondoka. Ukiwa na ushahidi, ulete. Ukiwa na huruma, baki nayo."

Saa yake ilisema saa mbili na nusu.

Alianzia mahabusu. Sheria inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, na Gahungu alikuwa na siku ya nne pale, shati lile lile, ndevu zimeanza kuota ovyo. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusema maneno ya wengine. Winfrida alimuuliza maswali yale yale ya kwenye faili, naye akatoa majibu yale yale. Alikuwa chumbani. Aliyehojiwa ni mama mmoja, akalia sana katikati, wakasimama dakika tano. Mtandao haukukatika hata mara moja.

Winfrida akamuuliza ni mtandao gani huo. Akasema wa Mwalimu Regina, mwenye nyumba. Faiba, laini ya simu, au nini? Gahungu akarudia kuwa ni wa Mwalimu. Winfrida akauliza tena, safari hii kwa ukali, akamweleza wazi kwamba saa nane anapelekwa kusomewa shtaka la kuua, na kwamba huu si wakati wa kumung'unya maneno.

"Nimesema ni wa Mwalimu," alisema. "Yaliyobaki ni yake kuyasema. Mimi mke wangu na watoto wanalala kwake."

Winfrida alitoka nje ameuma meno, amemkasirikia yeye pia, lakini sentensi ile ya mwisho aliiandika kwenye daftari kama ilivyotamkwa. Mtu asiye na cha kuficha hataji mahali watoto wanapolala.

Fundi aliyeandika barua aliitwa Telesphory, na duka lake lilikuwa Mwanga, limejaa nyaya na visanduku vya rauta. Barua aliitambua. Polisi walimpigia simu Jumanne, wakamwambia wanachotaka aandike, naye akaandika, akagonga muhuri. Alipoulizwa kama ni kweli mtandao wote wa Kigoma ulikatika, alianza kujivuta. Yeye anashughulika na faiba. Faiba ilikufa, hilo anaapa.

"Sikukuuliza faiba," Winfrida alisema. "Umeandika mtandao wa Kigoma. Kuna mtu atafungwa kwa barua hii. Nieleze aina zote, moja moja, ipi ilikufa na ipi haikufa, na unionyeshe kwa nini."

Telesphory akafuta jasho, akageuza nyuma ya risiti, akaanza kuchora. Ukimtoa woga alikuwa anaijua kazi yake. Mjini watu wana intaneti za nyumbani za namna tatu. Kuna faiba, waya unaoingia mpaka ndani, ya kasi na tulivu, mvua haiisumbui, ila ukikatwa mahali pamoja tu umekwisha mpaka mafundi waje waunge. Kuna rauta za laini, zinazovuta kwenye mnara wa simu; hizo hupungua kasi jioni watu wakirudi nyumbani, na umeme wa mnara ukiyumba nazo zinayumba. Na kuna antena za juu ya paa zinazotazamana na mtambo ulioko mlimani. Hizo upepo ukizisogeza kidogo tu, kelele. Watu wenye uwezo wanaweka mbili, faiba na laini, wakidhani moja ikifa nyingine itawabeba.

"Jumatatu haikuwabeba," alisema. Akachora mstari mnene chini ya vyote vitatu. Mnara wa Buzebazeba wenyewe unachota kwenye waya ule ule wa Kidahwe. Mtambo wa mlimani vile vile. Ni mabomba matatu ya nyumba tatu, lakini tangi ni moja.

Winfrida akamuuliza ni kipi kisichochota kwenye tangi hilo. Telesphory akatazama mlangoni, akatazama risiti.

"Dishi la setilaiti, afande. Linapokea juu moja kwa moja. Lakini watu huyavusha toka ng'ambo, hayajasajiliwa huku, hayana kibali. Kwa hiyo hayapo."

"Hayana kibali kwa hiyo hayapo," Winfrida alirudia.

"Ndivyo tunavyoandika, afande."

Alimwandikisha maelezo mapya pale pale, fundi akasaini kila ukurasa, na ile barua ya kwanza akaifuta kwa maandishi yake mwenyewe. Laiti mtu angemuuliza swali hilo Jumanne. Lakini Jumanne ni nani aliyekuwa anauliza? Walikuwa wanaagiza majibu.

Saa nne na dakika kumi alikuwa Buzebazeba, anaingia nyumba kwa nyumba. Alitaka vitu vitatu kwa kila mwenye nyumba: anatumia intaneti ipi, Jumatatu ilikatika saa ngapi, ikarudi saa ngapi. Kwenye duka la stesheneri walikuwa na faiba, ilikufa kabla ya saa nne. Kwenye duka la dawa walikuwa na antena, ilikufa wakati ule ule, mwenye duka akasimulia kwa hasira jinsi wateja wa bima walivyomkalia kooni. Nyumba tano za rauta za laini, zote zilikufa. Fundi alikuwa amechora sawa. Kadiri daftari lilivyojaa ndivyo Gahungu alivyozidi kuonekana mwongo, na Winfrida alianza kusikia sauti ya Samson masikioni akapandwa na hasira upya.

Ila kulikuwa na kitu hakimkai sawa. Watu wale hawakuwa wachoyo wa maneno. Ukimuuliza Muha habari ya jirani yake atakukaribisha kiti kwanza. Lakini kila alipolitaja jina la Mwalimu Regina walikuwa wanajibu kwa ufupi. Mwalimu ni mtu mwema. Mwalimu anafundisha watoto. Mwalimu na yeye mtandao ulikatika. Nyumba saba, jibu moja, maneno karibu yale yale.

Catherine, fundi cherehani, kibanda chake kilikuwa kinatazamana na ukuta wa Mwalimu Regina. Naye alikuwa na rauta ya laini, na Jumatatu ilikufa, akasema, akaendelea kukanyaga cherehani. Winfrida akakaa kwenye benchi la wateja. Aliuliza habari za kazi. Catherine akaeleza kwamba siku hizi wateja wengi wako mbali, mtu anatumiwa picha ya gauni kwa WhatsApp, akilipenda linapakiwa kwenye basi. Winfrida akaomba kuona picha za wiki hii. Catherine, kwa fahari ya fundi, akamkabidhi simu.

Gauni la kitenge, la njano na bluu, lilitumwa kwa mteja wa Dodoma Jumatatu, saa nne na dakika thelathini na tatu. Mteja alijibu dakika mbili baadaye, akaomba mikono ifupishwe. Catherine akamjibu.

Winfrida akaiweka simu juu ya cherehani, skrini ikitazama juu.

"Dada Catherine, saa nne na nusu Kigoma nzima haina mtandao. Hili gauni lilifikaje Dodoma?"

Cherehani ikasimama. Catherine akatazama ule ukuta wa ng'ambo, na Winfrida naye akautazama. Chini ya ukuta nyasi zilikuwa zimekanyagwa mpaka udongo ukawa mgumu, mstari mrefu wa kutosha watu kumi na watano kusimama bega kwa bega. Hapakuwa na duka pale, hapakuwa na bomba la maji wala kivuli.

Ndipo likatoka. Mtandao ukikatika, mtaa mzima husimama pale. Mwalimu aliwapa pasiwedi mwaka jana, akawaambia wasitangaze. Kwa Waha jirani haombi moto akanyimwa, na aliyepewa moto hamtaji aliyempa kwa mgeni anayeuliza moshi unatoka wapi. Jumatatu walisimama pale watu zaidi ya kumi. Gahungu hakuwa na haja ya kusimama nao kwa sababu yeye yuko ndani, uani. Catherine alisema sauti yake ilikuwa inasikika dirishani, ile ya kazini, mara Kirundi mara Kiingereza. Wote waliisikia.

Watu zaidi ya kumi! Watu zaidi ya kumi wamemsikia mtu akifanya kazi saa ile ile anayodaiwa kuua, wamekwenda nyumbani wakapika, wakalala, na siku nne hakuna aliyefungua mdomo. Alimuuliza Catherine kama alijua Gahungu yuko mahabusu kwa kosa gani. Catherine akasema anajua. Akaanza kulia, na Winfrida hakumbembeleza. Alimwandikisha, akamsainisha, akachukua ile pasiwedi.

Lakini sauti ya dirishani haikutosha. Samson angesema ni redio, ni simu, ni majirani wanalindana. Na hilo la mwisho lingekuwa kweli. Ilibaki ile Burundi ya kwenye barua pepe. Aliingia kwa Mwalimu kupitia mlango wa uani.

Astérie, mke wa Gahungu, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chao akichambua maharage. Walisalimiana, "Bwakeye," na Winfrida akaomba kuingia. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ndogo, kiti kimoja, kompyuta imeshachukuliwa na polisi. Alipotoka uani, juu ya paa la nyumba kubwa aliona kitu alichokiona barabarani pia bila kukitilia maanani: nyavu ya dagaa, imetandazwa juu ya fito. Dagaa huanikwa ufukweni, au chini kwenye vichanja. Nani anapanda paa na dagaa? Na chini ya ile nyavu hapakuwa na dagaa hata mmoja, wala harufu.

Alizima laini ya simu yake, akajiunga na waifai ya Mwalimu, akafungua ukurasa unaokuonyesha mtandao unakudhania uko wapi. Ukasema Dar es Salaam. Alimwonyesha Astérie, akamwomba ashike simu ile na kuufungua ukurasa huo tena kila akisikia anaitwa. Kisha akazunguka mbele.

Barazani kulikuwa na darasa. Vijana kumi na tisa, watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, wanatazama skrini ukutani, mwalimu wa kemia yuko Moshi anawafundisha mubashara. Mwalimu Regina alikuwa amekaa nyuma yao, mstaafu wa miaka sitini na kitu, miwani kwenye kamba.

"Shikamoo, Mwalimu," Winfrida alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Winfrida akaenda mpaka kwenye kisanduku cheupe cha faiba ukutani, akauchomoa waya.

Mwalimu wa Moshi akaganda mdomo wazi. Darasa likageuka. Winfrida akahesabu kwa sauti, bila kumtazama mtu, na alipofika thelathini na mbili yule mwalimu wa Moshi akaendelea na sentensi yake kuhusu asidi. Winfrida akaita uani. Astérie akaja amebeba simu mbele yake kwa mikono miwili, akiisoma huku anatembea. Ilisema Bujumbura.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Faiba ya mbele ni ya kuonwa na kila mtu, na polisi waliiona, wakaridhika. Faiba ikifa, kisanduku cha ndani kinahamia chenyewe kwenye dishi lililofichwa chini ya nyavu, na dishi hilo, kwa kuwa lilinunuliwa na kusajiliwa Bujumbura, kila anayelitumia huonekana yuko Bujumbura. Ile karata ya Samson, ile ya kumfunga Gahungu, ndiyo iliyokuwa inamweka Gahungu chumbani kwake.

Mwalimu Regina aliwatoa wanafunzi mapumziko. Hakukana kitu. Alisema mwezi wa nane mwaka jana faiba ilikatika mara kumi na moja, akataja tarehe zote. Alijaribu laini, mnara ukawa unakufa pamoja na faiba. Alijaribu antena, hivyo hivyo. Watoto hawa shule ziliwashinda, hawana nafasi nyingine, mtihani ni Novemba. Akamwagiza mtu alete dishi kwa boti. Lingejulikana lingechukuliwa, na yeye angeshitakiwa, mwalimu wa miaka thelathini na minne bila doa. Polisi walipokuja Jumanne wakauliza kama mtandao wake ulikatika, alisema ndiyo. Hakujua kwa nini wanauliza. Alikuja kujua jioni.

"Na Jumatano?" Winfrida aliuliza. "Na jana?"

Mwalimu akavua miwani.

"Mtu huyu amekuwa mahabusu siku nne kwa neno lako moja," Winfrida alisema. Sauti ilikuwa inamtoka juu kuliko alivyokusudia, na vijana uani walikuwa wanasikia. "Anaogopa kulitaja dishi lako kwa sababu familia yake iko chini ya paa lako. Yeye anakulinda wewe. Wewe unalinda bati. Saa nane anasomewa kuua. Madishi haya huongozwa kwa simu, na kwenye yako kuna kumbukumbu, kifaa gani kiliunganishwa saa ngapi. Ninaihitaji, na ninahitaji maelezo yako."

Mwalimu aliuliza kama watalichukua. Winfrida akasema watalichukua. Akauliza, na yeye je? Winfrida akasema hajui, na hatamdanganya. Angeweza kuipora ile simu. Mkono ulimwasha. Lakini simu iliyoporwa bila hati mbele ya wanafunzi kumi na tisa, wakili yeyote angeitupa nje, na ushahidi wa kulazimishwa Samson angeucheka. Akampa karatasi na kalamu. Mwalimu Regina akaishika karatasi, akasema anaomba afikiri.

"Fikiri basi," Winfrida alisema, akaondoka. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

Kituoni alimwaga kila kitu mezani kwa Samson: maelezo ya Telesphory, ya Catherine, daftari la nyumba kwa nyumba, picha ya skrini ya Bujumbura. Samson alisoma polepole, na usoni alianza kupoteza raha. Lakini alikuwa mtu asiyependa kurudi nyuma. Akasema jaribio limefanyika leo. Nani anajua dishi lilikuwapo Jumatatu? Labda limepandishwa jana ili kumwokoa. Wamefunika kombe ili mwanaharamu apite. Mwenye dishi yuko wapi, amesema nini?

Winfrida aliichukia ile hoja kwa sababu ilikuwa nzuri. Alimwambia tu kwamba siku nne zilitosha kuuliza maswali hayo, na kwamba muuaji wa Mzee Anatoli siku zote hizo nne anatembea huru Ujiji. Samson akamkumbusha anaongea na nani. Winfrida akasema anakumbuka, na kwamba ataandika yote hayo kwenye ripoti yake, kwa jina lake na kwa jina la Mrakibu.

Saa nane kasoro dakika kumi walimtoa Gahungu akiwa na pingu. Astérie alikuwa kaunta, ameleta chakula kwenye hotpoti, hakuna aliyekipokea. Gari lilikuwa limeshawashwa. Winfrida alisimama mlangoni, katikati kabisa, ili kila anayetaka kupita ampishe kwanza.

Bodaboda ikaingia. Nyuma amekaa Mwalimu Regina, mapajani amepakata kitu kipana kilichofungwa kwa kitenge. Alishuka kwa shida, akapita karibu na gari, akapita kwa Winfrida bila kumtazama, akakiweka juu ya kaunta na kukifungua. Dishi lilikuwa dogo, jeupe, na lilikuwa bado na kipande cha uzi wa nyavu pembeni. Simu akaiweka juu yake, imefunguliwa penye Jumatatu. Kompyuta ya Gahungu iliunganishwa saa nne kasoro dakika mbili. Iliachana saa tano na dakika kumi na mbili.

Samson alisogea, akasoma, akasoma tena, akaichukua ile barua pepe ya Ulaya na kulinganisha saa kwa kidole. Winfrida akamwambia kwamba dishi lilisajiliwa mwaka jana, tarehe ipo hapo chini, wala hakuna aliyelipandisha jana.

"Mama, unajua kuwa hiki kifaa ni kosa?" Samson alimuuliza Mwalimu.

"Andika, baba. Nimekuja uandike."

Gari lilizimwa. Askari akatafuta funguo za pingu, akazikosa mfukoni, akazipata mfuko wa pili. Gahungu alisugua vifundo vya mikono, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kumgeukia mkewe, ni kumwinamia kidogo mwenye nyumba wake.

"Urakoze, Mwalimu. Asante sana."

"Usinishukuru," Mwalimu Regina alisema. Alikuwa amesimama wima, kama mbele ya darasa. "Siku nne hizi mkeo alikuwa analia chumbani. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Astérie alifunika ile hotpoti, akaifunga kwa kanga, akamshika mumewe mkono.

"Nilikuwa naisikia," alisema.

Wakatoka nje pamoja, wakashika njia ya kushoto. Buzebazeba, kwa Mwalimu, ilikuwa kulia.